Mshindi Asiyekata Tiketi

Jumatatu, 20 Novemba

Nimeshinda! Mimi, Philipo, wa hapa hapa Issuna! Naandika haraka, mwandiko umekuwa kama wa kuku.

Ujumbe umeingia asubuhi nikiwa nanoa panga. Bahati nasibu ya Shangwe Kuu. Namba yangu ya simu imechaguliwa na mtambo. Milioni hamsini! Nimeusoma na kuusoma mpaka betri ikaanza kulia.

Nikapiga namba waliyoweka. Akapokea dada mmoja anaitwa Jenifa, wa kitengo cha zawadi, sauti laini kabisa. Akanipongeza. Akaniita mheshimiwa. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita mheshimiwa, hata mwaka ule niliogombea ukatibu wa wafuga nyuki nikapata kura yangu mwenyewe. Akasema nisimwambie mtu mpaka hela iingie, na hasa majirani. Hasa majirani! Huyu dada anamjua Antipasi?

Antipasi ni jirani yangu na mwenzangu wa plau. Yeye ana ng'ombe mmoja wa kulimia, mimi mmoja, na msimu ukifika tunawaunganisha. Plau ni langu, nira na mnyororo ni vyake. Ndivyo tunavyolima huku watu wa hali yetu. Wa kwake alimwita Mjumbe. Wa kwangu nikamwita Waziri, ili Antipasi ajue cheo kiko wapi. Sisi hatupendani. Ng'ombe wanapendana sana.

Jioni nikamuuliza Belinda, binti yangu, bahati nasibu zinaendaje. Kijuujuu tu, asinishtukie. Yuko kidato cha tatu. Akasema watu wengi sana wanakata tiketi, kampuni inachukua chake, serikali inachukua chake, kinachobaki anapewa mmoja au wawili, waliobaki wote wameliwa. Akasema kama unatakiwa kupatia namba sita kati ya arobaini na tisa, nafasi yako ni moja katika milioni kama kumi na nne. Mtoto huyu anapenda kutisha watu. Nikamwambia nafasi ni mbili tu, upate au ukose. Nusu kwa nusu.

Akauliza, baba umekata tiketi? Nikasema sijakata. Akasema basi huwezi kushinda. Hapo ndipo elimu ya siku hizi inapokosea. Wanaokata tiketi wako mamilioni, wanabanana. Sisi tusiokata hatuna foleni.

Jumanne, 21 Novemba

Jenifa amepiga mwenyewe. Kuna ada ndogo ya kufungua jalada. Nimetoa hela ya asali niliyokuwa nimeificha kwenye buti la mvua.

Wakala wetu wa simu ni Kristina, binti mdogo tu, kibanda chake kiko njia panda. Akanipa shikamoo, akaangalia namba, akaniangalia mimi. Akaniuliza kama namjua huyo mtu ninayemtumia. Nikasema ni binamu, amelazwa. Akasema baba Belinda, namba hii si ngeni kwake wiki hii, na angekuwa yeye asingetuma. Nikamuuliza nani mwingine ametuma. Akasema siri za wateja hatoi. Wivu huo! Ameshanusa kwamba kuna hela. Nikamwambia atume.

Jioni Jenifa tena. Jalada limefunguka, bado kodi ya zawadi. Kodi ni kubwa. Nikamuuliza kwa nini wasikate humo humo kwenye milioni hamsini. Akacheka vizuri, akasema sheria hairuhusu mtu kugusa hela ya mshindi. Heshima hiyo nimeipenda. Ila kodi sina.

Mke wangu Dorkas naye, bila kujua lolote, kaanza yake. Mawingu yameanza kukusanyika. Kasema mvua ya kwanza isitukute tumekaa. Mwaka jana tulichelewa kupanda, tukala kwa kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na watu wenyewe walituhesabia matuta kama wezi. Kasema hatarudia, bora afe. Amekwisha kununua mbegu bora ya alizeti kwa hela ya kuku wake, mfuko umening'inia darini. Kinachobaki ni Waziri kuvuta.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikatoka nje kumwangalia Waziri. Naye akaniangalia.

Alhamisi, 23 Novemba

Mnada.

Nimemuuza.

Nitamnunua tena wiki ijayo, yeye au wengine wanne bora kuliko yeye! Nimeshapiga hesabu. Lakini leo sijisikii vizuri. Alinifuata bila hata kamba. Alidhani tunakwenda shamba. Tulipofika mnadani akasimama pale nilipomsimamisha, akaanza kucheua. Mfanyabiashara mmoja mwenye lori akampapasa nundu kama mtu anayenunua godoro, tukapatana upesi, na mimi nikaangalia pembeni mpaka walipofunga mlango wa lori.

Kasheshe moja tu. Antipasi alikuwepo! Upande wa pili wa malori, amevuta kofia mpaka puani. Nikachuchumaa nyuma ya mama wa mitumba. Nikichungulia, na yeye anachungulia. Sijui alifuata nini. Mbuzi, nadhani.

Nikapita kwa Kristina. Alihesabu hela, akatuma, akanirudishia kitambulisho bila kuniangalia. Jenifa akathibitisha. Akasema nifute jumbe zote kwa usalama wangu. Nimefuta.

Dorkas nimemwambia Waziri amevimba kwato, nimempeleka kwa shemeji kule Mwankoko, karibu na bwana mifugo. Akauliza amevimba lini, mbona jana alikuwa anarukaruka. Nikasema kwato haitoi taarifa.

Ijumaa, 24 Novemba

Nilikuwa naogopa kumwambia Antipasi. Mwaka huu ni zamu yangu kulimiwa kwanza, lakini yeye akikosa ng'ombe kwa siku moja anapiga kelele mpaka kanisani wanasikia. Nikajikaza nikaenda. Nikamwambia habari ya kwato.

Cha ajabu hakupiga kelele. Akasema pole. Akasema ng'ombe akiumwa lazima apumzike, hakuna haraka. Akasema hata Mjumbe hali majani vizuri, amempeleka kwa mjomba wake Mitundu abadilishe malisho.

Mitundu! Kuna mtu wa Issuna anapeleka ng'ombe mbali kote kule kula majani? Ila sikuuliza zaidi. Nimefurahi. Kumbe tukichelewa kulima, kosa ni lake pia. Tumeagana kwa kushikana mikono, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mkewe Anastazia alikuwa anapepeta mtama pale uani, akaacha kupepeta.

Jumapili, 26 Novemba

Kanisani nimetoa sadaka ya shukrani, mapema. Ni kidogo, ila Mungu anajua nyingine iko njiani. Antipasi naye ametoa sadaka ya shukrani! Anashukuru nini yule?

Hela ilikuwa iingie jana. Nimempigia Jenifa baada ya ibada. Namba haipatikani. Jumapili, bila shaka naye yuko ibadani.

Jumanne, 28 Novemba

Mvua imeshuka alfajiri. Mvua ya kweli. Imelowesha mpaka chini.

Kijiji kizima kiko shambani. Nasikia watu wanavyowaita ng'ombe wao, huku na huku, kila upande. Dorkas amelitoa plau stoo, amelifuta kutu, ameliweka mlangoni na kulikalia. Anangoja nikamlete Waziri kutoka Mwankoko. Nimemwambia shemeji anamleta. Amekalia plau lile tangu asubuhi. Hata chai amenywea hapo hapo.

Nimezunguka nyuma ya choo na simu. Haipatikani. Haipatikani. Yule mama wa kwenye simu ana sauti moja tu, hachoki wala hasikitiki.

Naogopa. Sina neno lingine.

Nimechungulia kwa Antipasi nikitegemea atakuja kunigombeza. Hakuja. Kajifungia ndani, mchana kweupe, siku ya mvua ya kwanza! Sijui kimempata nini.

Jumatano, 29 Novemba

Yamefumuka.

Anastazia alikuja asubuhi kuuliza Waziri anarudi lini. Dorkas akamuuliza na Mjumbe anarudi lini. Wakatazamana. Halafu wakaanza kuongea Kinyaturu, kwa sauti ya chini. Nyumbani kwetu Dorkas akihamia Kinyaturu cha sauti ya chini ujue kuna mtu amekwisha. Nikasema nakwenda kuangalia mizinga. Akasema kaa.

Walikwenda kwa Kristina. Yule mtoto hakutaja jina la mtu, siri za wateja kweli hatoi. Alilia tu. Akasema aliwaambia wote wasitume. Hilo neno wote ndilo lililotumaliza.

Kumbe Antipasi naye! Alipata ujumbe siku moja na mimi. Jenifa huyo huyo. Hasa majirani, vile vile! Kamuuza Mjumbe mnada ule ule. Wamesafiri lori moja, Waziri na Mjumbe. Sijui kama hilo ni afadhali au ni mbaya zaidi.

Tumesimama mpakani mwa mashamba yetu, mimi na yeye, hakuna wa kumcheka mwenzake. Nikamuuliza kwa uchungu, wewe walikuambia ngapi. Akasema milioni sitini.

Sitini! Antipasi! Mimi hamsini! Kwa kigezo gani? Ana nini yule ambacho mimi sina? Hapo ndipo nilipojua kwamba watu hawa ni matapeli kabisa.

Tukaenda kituo cha polisi. Afande alitusikiliza kwa utulivu, akatuuliza tulikata tiketi lini. Kila mtu swali hilo hilo. Akaomba zile jumbe. Nikasema nimefuta. Antipasi akasema amefuta. Afande akaweka kalamu mezani, akasema tutoe maelezo hivyo hivyo, atayaandika.

Dorkas hakunifokea. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, ningeweza. Aliniuliza kitu kimoja tu, watoto watakula nini. Akaingia ndani kulala na kanga yake usoni.

Jumamosi, 2 Desemba

Kukodi ng'ombe haiwezekani. Kila mwenye jozi analima kwake, halafu kwa ndugu, halafu kwa wenye hela taslimu. Wameniambia nirudi baada ya Krismasi. Baada ya Krismasi nipande nini, mawe?

Nikaja na wazo. Punda! Raymond, anayeuza maji kwa mkokoteni, ana punda wawili. Mvua ikinyesha watu wanakinga maji ya bati, punda wanakaa bure. Nikampatia Antipasi wazo hilo kama langu, maana ni langu. Akasema na yeye alikuwa analifikiria. Mwongo.

Raymond akatoa punda kwa sharti kwamba yeye anaangalia tu. Watoto wote wa kitongoji wakaja kuangalia pia. Nira ya ng'ombe haikai kwenye shingo ya punda. Ng'ombe ana nundu, nira inaegemea pale. Punda hana kitu. Nira ikawatelezea mpaka masikioni. Antipasi akashauri tuweke mto. Tukaweka mto wa Anastazia. Punda wa kulia akala mto. Wa kushoto akalala chini, na plau likamlalia Antipasi mguuni.

Watu walicheka mpaka wakakaa. Mimi nilicheka kidogo pia, ule mguu wa Antipasi ulinisaidia. Halafu nikamwona Dorkas pembeni. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia shamba, unyevu wa udongo ukikauka juani. Akageuka akaenda nyumbani, akarudi na jembe la mkono. Akaanza kulima mwenyewe kutoka kona ya mnazi, nasema nini, kona ya mkuyu, hata akili yangu haiko sawa.

Jumatatu, 4 Desemba

Dorkas na Belinda wanalima kwa mkono. Na mimi nalima, asije mtu akasema silimi. Ila mgongo. Ukiinuka unasikia vitu vinavunjika ndani. Antipasi analima upande wake akichechemea, na kila nikisimama kupumzika na yeye anasimama, kila nikianza anaanza. Leo nimemzidi mistari miwili. Hakuna aliyenipongeza.

Mikono ya Dorkas imetoka malengelenge, yamepasuka, amefunga vitambaa. Nikamwambia apumzike. Akasema ardhi haitamsubiri. Nusu ya shamba tumeliacha hivyo hivyo na nyasi zake, hatuliwezi. Hii nusu ikipandwa kabla unyevu haujaisha tutapata cha kula. Isipopandwa ni vibarua. Amesema hivyo bila kuniangalia.

Nimekaa nyuma ya stoo nikalia. Sijui kama naweza kuandika jambo hili lakini nimeandika. Ni mimi niliyemsimamisha yule ng'ombe pale mnadani.

Alhamisi, 7 Desemba

Mungu yupo!

Nimepigiwa simu. Si Jenifa, wala asitajwe humu. Ni mwanamume, sauti nzito, ya kiofisi kabisa. Afisa Gabrieli, wa kitengo cha kurejesha fedha za waliotapeliwa. Mara moja nikawa macho. Sasa hivi mimi si wa kudanganywa. Nikamwambia athibitishe.

Akathibitisha! Anajua jina langu. Anajua nilituma kwa nani, siku gani, na kiasi chenyewe mpaka mia ya mwisho. Angejuaje kama si serikali? Akasema yule Jenifa ameshakamatwa na fedha za watu zimezuiliwa, zinasubiri wenyewe. Halafu akanionya. Akasema niwe mwangalifu sana, matapeli ni wengi, nisitume hela kwa mtu nisiyemjua. Tapeli gani anakuonya hivyo? Nilikaribia kulia kwenye simu.

Hela yote inarudi, bei ya Waziri nzima. Kuna ada ndogo tu ya kuondoa zuio. Nikamuuliza, kwa ujanja, kwa nini wasikate humo humo. Akasema swali zuri, mheshimiwa, ila kielelezo cha mahakama hakiguswi. Hapo nikaona tofauti. Jenifa hakuwahi kutaja mahakama.

Akasema wanashughulikia kwa mpangilio wa waliowahi. Safari hii Antipasi hajui kitu! Atabaki na jembe lake la mkono, mimi nitapita na jozi mpya mbele ya mlango wake.

Shida ni ada. Asali hakuna. Kuku Dorkas amewamaliza.

Nimeinua macho darini.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimefanya haraka wakiwa shambani. Raymond amenunua mfuko mzima, hakuuliza. Mbegu bora si kitu cha kumtafutia mteja wakati huu, kila mtu anaitaka. Bei haikuwa mbaya. Ni kama kuazima tu. Hela ikirudi kesho asubuhi nachukua bodaboda mpaka Ikungi, narudi na mbegu bora zaidi kabla hawajamaliza kufunga vitambaa mikononi, na pengine na kanga ya Dorkas.

Kristina alikataa kunitumia. Alikataa kabisa! Akasema baba Belinda, shikamoo yako naitoa, lakini hii situmi. Mtoto mdogo! Nimetembea mpaka kwa wakala mwingine wa barabarani, ambaye hanijui. Ametuma bila maneno. Huduma ndiyo hiyo.

Dorkas jioni alikuwa na furaha kidogo. Nusu ile imekwisha. Mvua imenyesha tena, nyepesi, ya kukubali mbegu. Alikula vizuri, akaniwekea na mimi. Akasema kesho tunapanda. Tunapanda, na mimi nimo, mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi, 9 Desemba

Leo ni sikukuu ya Uhuru, lakini Afisa Gabrieli aliniambia wao hata sikukuu wanafanya kazi. Serikali ikiamua inaweza.

Dorkas na Belinda walitoka alfajiri kutia mbolea kwenye mashimo. Mimi nimebaki ili nije na mbegu. Nimewaambia natangulia kunywa uji.

Nimepiga. Haipatikani. Labda wanapokea simu nyingi, maana tuliotapeliwa tuko wengi.

Belinda amekuja kuuliza mama anasema mbegu ziko wapi. Nimesema nakuja. Amerudi. Kutoka hapa mlangoni namwona Dorkas amesimama katikati ya shamba, mkono kiunoni, anaangalia huku. Antipasi ameanza kupanda, mjinga yule, anatupa mbegu huku anachechemea.

Nimepiga tena. Haipatikani.

Belinda amekuja mara ya pili. Ameingia ndani bila kusema na mimi, ameangalia darini, ametoka. Amesimama mbele yangu na ile ndoo ya kupandia. Nimemwambia amwambie mama yake asubiri kidogo, zinakuja nyingine, bora kuliko zile. Akauliza, zile ziko wapi, baba? Nimeangalia simu. Ameweka ndoo chini. Anakwenda shambani kumwambia, polepole, hataki kufika.

Simu yangu inashika mtandao vibaya hapa. Ndiyo tatizo lote. Akitoka Antipasi shambani nitamwomba nitumie laini yake.